Hofu ya Kupungukiwa na Dawa Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na viongozi katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu cha Ushirika)



 Wengine watawasomea habari za magunia, maghala na mizani, nami sina ujuzi wa kuwazidi katika hayo. Mimi ni mkulima wa kahawa kama ninyi, tena ni mchungaji wa kanisa, na kwa sababu hiyo nimeombwa niseme juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari la karani, nalo ni moyo wa mwanachama. Nitanena kama Mkristo, maana hiyo ndiyo imani niijuayo. Lakini simsahau ndugu yangu Mwislamu, ambaye dini yake imemwamuru zaka na kumhimiza sadaka, na ambaye tumesimama naye katika mstari mmoja wa mizani tangu siku ya kwanza.

Mnajua kwamba kesho Mkutano Mkuu utaketi, na kwamba jambo litakalobishaniwa kuliko yote ni ziada ya msimu. Baada ya kuondoa akiba ambayo sheria yaidai, wengine wataka fedha zilizobaki zigawanywe zote, hata senti ya mwisho, kwa kadiri ya kilo alizoleta kila mtu. Wengine wataka sehemu yake itengwe, iwe mfuko wa kuwakopesha wanachama katika miezi ile migumu kabla kahawa haijaiva. Kura ni yenu, wala sikuja kuwapigia. Nimekuja kusema kwamba chini ya ubishi huu kuna neno moja linalotutawala, nalo ni neno "hakitoshi". Yafaa tulitazame neno hili usoni kabla hatujainua mikono.

HOFU YETU INA SABABU

Kwanza nakiri kwamba hofu ya mkulima haikutoka hewani. Wazee walio hapa wameona mengi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya Serikali, na mali ambayo wakulima walikuwa wameichanga kwa miaka mingi ikaenda katika mikono mingine. Vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwaka 1989 utaratibu wa kimataifa wa kugawa mafungu ya kuuza kahawa ulivunjika, na bei ikaanguka vibaya duniani kote. Katika miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na vyama vingi vilivyokuwa na madeni vikashindwa kusimama. Mtu aliyeyapitia hayo akisema, "Nipeni changu leo, kesho siijui," hatuwezi kumwita mjinga.

Lakini tutofautishe mambo mawili. Uhaba ni jambo moja, na hofu ya uhaba ni jambo jingine. Uhaba hupimwa kwa debe na kibaba: unga upo au haupo, ada ya mtoto imepatikana au haijapatikana. Hofu haina kipimo. Yaweza kukaa katika nyumba yenye ghala tupu, na yaweza kukaa katika nyumba yenye ghala lililojaa hadi mlangoni. Tumewaona watu wenye miti michache wakigawana mbegu na jirani, na tumewaona wenye shamba kubwa wasioweza kumwazima mtu jembe, kwa kuogopa kwamba halitarudi. Basi si wingi wa mali unaoiondoa hofu hiyo.

NAMNA HOFU INAVYOTUPUNGUZIA

Tazameni jinsi neno "hakitoshi" linavyofanya kazi katika mashamba yetu. Mzazi ana shida ya fedha miezi mingi kabla ya mavuno. Anakuja mchuuzi na kumwambia, "Niuzie kahawa yako ikiwa mtini." Wenzetu wa Kagera huiita biashara hiyo butura, na ndugu zetu wa korosho wa Mtwara na Lindi nao wana balaa lao la ununuzi wa vichochoroni, waliitalo kangomba. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mtu akipokea leo fedha za thamani ya gunia 1, naye akaahidi kulipa magunia 2 wakati wa mavuno, atakuwa amepoteza nusu ya jasho lake kabla tunda la kwanza halijawa jekundu. Msimu ukiisha hana kitu, kwa hiyo mwaka unaofuata hana budi kuuza tena mtini. Aliogopa kupungukiwa, na dawa aliyoitumia ndiyo inayompunguzia kila mwaka.

Mwingine huchuma kahawa mbichi pamoja na mbivu, kwa kuogopa wezi, au kwa kuogopa kwamba mizani itafungwa kabla hajafika. Kahawa yake humwagwa katika mtambo pamoja na ya wenzake. Mnunuzi akiionja haulizi nani alichuma mbichi. Hushusha bei ya fungu zima. Kwa hiyo hofu ya mtu mmoja hulipwa na kijiji kizima, na yule aliyechuma kwa uangalifu huvunjika moyo, akasema mwakani naye atachuma vyovyote.

Wala viongozi hawakuepuka. Kiongozi mwenye hofu ya kupungukiwa cheo huficha habari za soko, hamfundishi msaidizi wake kazi, wala haachi kiti mpaka asukumwe. Baba mwenye hofu hiyo hampi kijana wake hata miti 20 aihudumie kama yake mwenyewe, kisha hushangaa kijana akikimbilia mjini. Na katika vijiji vyetu mjane huachwa bila uanachama, kwa kuwa watu wasema, "Tukiwaingiza wote, kitatutosha nini?" Ndugu zangu, chama kilichojaa watu wa namna hiyo chaweza kuwa na magari na maghala, lakini si ushirika.

MAANDIKO YANATUFUNDISHA NINI

Biblia haisemi kwamba njaa haipo. Vitabu vyake vingi vina habari za ukame, nzige au mkate uliokosekana. Linalofundishwa humo ni namna ya kuishi na Mungu na jirani wakati kilichopo ni kidogo.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, wana wa Israeli walipewa mana jangwani. Kila mtu aliokota ya kumtosha siku ile. Waliojaribu kuilimbikiza hadi asubuhi kwa kutoamini waliikuta imeoza na kuingia mabuu. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 17, twasoma habari za mjane wa Sarepta aliyekuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo. Alikuwa akiokota kuni apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe wale kisha wafe. Nabii Eliya akamwomba ampe kwanza yeye. Mama yule akatoa, na unga wake haukwisha mpaka mvua iliponyesha. Angalieni vizuri: hakujaziwa ghala. Kila siku alikuta unga wa siku ile. Imani yake haikumfanya tajiri. Ilimfikisha kwenye mvua, yeye na mtoto wake na mgeni wake.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 6, watu 5,000 walikuwa na njaa, na Filipo akapiga hesabu akaona kwamba hata mkate wa dinari 200 usingetosha. Hesabu yake haikuwa ya uongo. Lakini kijana mmoja alikuwa na mikate 5 ya shayiri na samaki 2, naye hakuvificha. Sote tumezoea kusimulia muujiza ule, lakini sisi wana ushirika yatupasa kutazama pia utaratibu wake. Marko atueleza kwamba watu waliketishwa makundi makundi, ya watu 100 na ya watu 50. Na baada ya kula, Bwana aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, visipotee. Vikajaa vikapu 12. Pale palikuwa na ukarimu, na palikuwa na hesabu. Asiwepo mtu wa kutuambia kwamba mwenye imani hahitaji daftari.

Mtu ataniuliza, "Je, kuweka akiba si kukosa imani? Yule tajiri mpumbavu wa Luka sura ya 12 hakuhukumiwa kwa sababu ya ghala?" Hakuhukumiwa kwa sababu ya ghala. Yusufu naye alijenga maghala huko Misri na kuyajaza kwa miaka 7 ya shibe, na Biblia yamsifu. Tofauti ni hii: tajiri yule alizungumza na nafsi yake peke yake, akayaita yote yangu, yangu, wala jirani hakumo katika mipango yake. Yusufu aliweka kwa ajili ya taifa, hata na wageni waliotoka Kanaani wakala. Basi tukitaka kujua kama akiba yetu ni ya hofu au ni ya imani, tuulize ghala lile litafunguliwa kwa ajili ya nani.

Hapa sina budi kuwaonya juu ya jambo moja. Kuna wahubiri wanaosema kwamba mtu akitoa shilingi leo, Mungu atamlipa shilingi 100 kesho. Hayo si mafundisho ya ukarimu. Ni biashara, na mara nyingi anayefaidi ni mhubiri. Mtume Paulo alipochangisha fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, aliwasifu Wakristo wa Makedonia ambao wao wenyewe walikuwa maskini. Hakuwaahidi utajiri. Alisema nia ni usawa, yaani kilichozidi kwa hawa leo kifae upungufu wa wale, na siku nyingine iwe kinyume chake. Tena katika barua hiyohiyo, 2 Wakorintho sura ya 8, aeleza kwamba alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa katika kuzipeleka fedha zile, ili mtu yeyote asipate neno la kumlaumu. Mtume mwenyewe alikubali kukaguliwa. Kiongozi wa chama atakataaje?

MEYA WA WEYERBUSCH

Nataka sasa niwasimulie habari za mtu mmoja wa Ujerumani, kwa sababu alitembea njia hii kabla yetu, na kwa sababu sehemu ya ushirika wetu inatokana na kazi yake. Jina lake ni Friedrich Wilhelm Raiffeisen. Alizaliwa tarehe 30 Machi 1818, katika nyumba ya watoto 9, akalelewa na mama yake katika hali ya upungufu. Alikuwa askari, akaacha jeshi kwa ugonjwa wa macho, na mwaka 1845 akawekwa kuwa meya wa Weyerbusch, nchi ya vilima na wakulima maskini.

Mavuno ya mwaka 1846 yalikuwa mabaya. Viazi vilioza, nafaka ikakosekana, na baridi ikaingia. Serikali ilipeleka unga, lakini kwa masharti kwamba uuzwe kwa fedha taslimu. Na wenye njaa ndio hasa wasiokuwa na fedha. Raiffeisen aliwaita wenye uwezo, akawaomba wachange fedha. Wakaunda chama cha mkate, wakajenga tanuri la kijiji, na maskini wakapewa mkate kwa bei nafuu, na wengine kwa mkopo, kwa kuaminiwa.

Hakuishia hapo. Alipohamishiwa Flammersfeld aliona kwamba wakulima walikuwa wametegwa na wakopeshaji waliowauzia ng'ombe kwa mkopo wa riba nzito. Mtu akishindwa kulipa, ng'ombe huenda na shamba hufuata. Mwaka 1849 aliwakusanya wenye mali wapatao 60, wakajitia dhamana kwa mali zao zote, ili kuwanunulia wakulima ng'ombe, nao wakalipa kidogo kidogo kwa miaka 5. Mwaka 1854 huko Heddesdorf akaanzisha chama kingine cha wema wa namna hiyo.

Lakini aligundua jambo. Wema wa matajiri huanza kwa moto, kisha huchoka. Na maskini anayepewa tu huendelea kujihesabu kuwa mtu asiye na kitu. Basi mwaka 1864 akaugeuza utaratibu: wakopaji wenyewe ndio wawe wanachama, na kila mmoja amdhamini mwenzake. Watu waliokuwa wakisema hawana kitu waligundua kwamba wakisimama pamoja, wana dhamana iliyoaminiwa na wenye fedha. Na faida ya vyama hivyo aliitaka iwekwe katika mfuko usiogawanyika, uwe mali ya chama na ya wale watakaokuja baadaye. Raiffeisen hakuficha kwamba kazi ile yote aliijenga juu ya amri ya Kristo ya kumpenda jirani. Macho yake yalizidi kufifia, na binti yake Amalie akawa msaidizi wake katika kazi ya kuandika, mpaka alipofariki tarehe 11 Machi 1888.

Kielelezo chake kilivuka bahari. Sheria ya vyama vya mikopo ya India ya mwaka 1904 ilikifuata, na Tanganyika ilipopata sheria yake ya ushirika mwaka 1932, watawala wa Kiingereza walikuwa wakiutazama mfano wa India. Wala wazee wetu hawakuwa wakingojea kufundishwa. Wakulima wa Kilimanjaro walikuwa wameanzisha umoja wao wa kahawa tangu mwaka 1925, ambao mwaka 1933 ulifuatwa na KNCU. Na SACCOS nyingi mzionazo leo katika miji na vijiji vyetu ni wajukuu wa mfuko ule wa Heddesdorf.

YALIYO MBELE YETU

Narudi sasa kwenye ubishi wetu wa kesho. Wako watakaosema, "Mfuko huo ukianzishwa, wavivu watakopa na kukimbia." Hoja hiyo ni ya haki, na yafaa ijibiwe kwa utaratibu. Raiffeisen alitaka chama cha mkopo kiwe cha eneo dogo, ambamo watu wanajuana tabia. Mkopo ulikuwa wa jambo linalojulikana, na mdhamini alikuwa jirani anayempitia mkopaji mlangoni kila siku. Viongozi hawakulipwa, isipokuwa mtunza hesabu. Mambo hayo yote twaweza kuyafanya katika vyama vyetu vya msingi. Ukarimu usio na mlango hubomolewa na wezi. Lakini mlango ni wa kufunguliwa, haukuwekwa ili ukae umefungwa daima.

Wengine watasema, "Mgawo wangu ni mdogo, ukipunguzwa sitabaki na kitu." Ndugu yangu, fikiri hivi. Ukipewa mgawo wote, utaupokea mara moja, nao utakwisha. Ukiuacha sehemu katika mfuko, kisha mwezi wa njaa ukakukuta na mtoto mgonjwa, hutakwenda kwa mchuuzi kumwuzia kahawa iliyo mtini. Hapo ndipo utakapojua thamani ya sehemu ile. Na kama taabu haikukupata wewe, itampata jirani yako. Naye akiokolewa na mfuko ataleta kahawa yake yote kwenye mizani yetu, badala ya kuipeleka usiku kwa mwingine, na chama chako kitapata uzito sokoni. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakusema tungoje kutajirika kwanza.

Kwa viongozi nina ombi. Hakuna mkulima atakayefungua mkono wake akimwona kiongozi amefumba wake. Bandikeni hesabu za mfuko ukutani pa ghala, kwa Kiswahili chepesi, kila mwezi. Mkopo wa kwanza usiende kwa mjumbe wala kwa shemeji yake. Mwulizeni bwana shamba ni akina nani walioshindwa kupalilia kwa kukosa nguvu, mwanzie hao. Mjane aliyerithi miti ya mumewe aandikishwe kwa jina lake mwenyewe, na kijana mwenye miti 20 apewe nafasi ya kusema katika mkutano.

Na kwa kila mwanachama nina ombi dogo zaidi, ambalo halihitaji kura. Msimu huu tuchume mbivu tu. Tumwazime jirani jembe. Na anayeweza, amwachie maskini sehemu ya mwisho ya shamba lake la mahindi au maharagwe, kama sheria ya Musa ilivyowaagiza wavunaji wasikwangue hadi pembeni. Maana ni katika mashamba ya namna hiyo Ruthu mgeni alipata kula, na katika ukoo wake akazaliwa Daudi. Mtu akiyafanya hayo mwaka mmoja, akaona kwamba bado yu hai na watoto wake wamekula, neno "hakitoshi" litaanza kupoteza nguvu juu yake.

Siwaahidi kwamba mvua haitakosekana, wala kwamba bei haitaanguka tena. Vitu hivyo haviko mikononi mwetu. Lililo mikononi mwetu ni hili, kwamba siku mbaya ikija isimkute mwanachama wetu hata mmoja akiwa peke yake. Kama baba wa chama hiki wasingaliamini hivyo miaka 10 iliyopita, walipotoa viingilio vyao vya kwanza wasijue kama vitarudi, leo tusingalikuwa na sherehe ya kufanya.

Mwenyezi Mungu awape hekima katika mkutano wa kesho, awabariki wakulima na familia zao, na akikuze Chama chetu.